Gurudumu la mbele linakwaruza, fundi anataka kubadilisha beringi: nimsikilize?

"Assalamu alaykum fundi. Nina Toyota Probox ya otomatiki, naishi Malindi upande wa Shela, karibu kabisa na bahari. Wiki mbili zilizopita tulienda Marafa, na siku chache baada ya kurudi gurudumu la mbele kushoto likaanza kutoa sauti, kwaru kwaru kwaru. Inasikika zaidi nikienda polepole kando ya ukuta. Nikigusa breki kidogo inanyamaza, nikiachia inarudi. Kukata kona hakuibadilishi. Fundi wa kwanza alichungulia kwenye uwazi wa rimu akasema pedi bado nene, tatizo ni beringi, nibadilishe zote mbili za mbele. Wa pili akasema ni mchanga wa Marafa tu, nitie mafuta kidogo kwenye diski utatoka wenyewe. Mwezi ujao nataka kumpeleka mama na watoto Lamu kwa Maulidi, gari tutaliacha Mokowe, gatini upande wa bara. Nimsikilize nani?"

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nianze na lile lisiloweza kusubiri: usitie mafuta kwenye diski. Si ya injini, si ya kupikia, si dizeli, si hata tone. Breki hushika kwa msuguano, na mafuta kazi yake ni kuuondoa huo msuguano. Pedi, kile kipande kinachoibana diski, ikishanyonya mafuta haifai tena, hata uioshe na kuianika juani siku nzima. Na hatari yake haiji polepole. Gurudumu la kushoto likiwa na mafuta, siku utakayokanyaga breki kwa nguvu la kulia litashika na la kushoto litateleza, gari litakuvuta kulia, na kwetu kulia ndiko yanakotoka magari mengine. Ikiwa ulishatia, gari lisitoke nyumbani mpaka pedi zibadilishwe na diski isafishwe.

Sasa tuje kwenye swali. Umepewa majibu mawili na mafundi wawili, na hakuna hata mmoja aliyetoa gurudumu. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi kuliko sauti yenyewe. Karibu kila kitu kilichoko nyuma ya rimu kinaweza kukwaruza: pedi, diski, bati la kukinga vumbi, kijiwe, beringi, hata plastiki ya madigadi iliyolegea ikagusa tairi. Ukimwigizia fundi sauti kwa mdomo, atakutajia kile alichokutana nacho jana. Kinachosaidia ni kujua inalia lini na nini kinaibadilisha. Wewe umeyaandika hayo mawili bila kuombwa, na ndiyo yanayonifanya nielekee upande mmoja: sauti inanyamaza ukigusa breki, na kona haiibadilishi. Hiyo ni habari ya breki zaidi ya habari ya beringi.

Nikueleze kilichoko mle ndani ili unielewe. Probox yako ina diski magurudumu ya mbele na dramu ya nyuma. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Juu yake imekaa kalipa, chuma kizito kilichoikumbatia diski, na ndani ya kalipa mna pedi mbili: moja upande wa nje, unaoutazama ukichungulia kwenye rimu, na nyingine upande wa ndani, uliogeukia injini. Ukikanyaga breki, mafuta ya breki yanaisukuma pistoni. Pistoni hiyo iko upande wa ndani peke yake. Inaisukuma pedi ya ndani mpaka iigote diski, kisha kwa kuwa haina pa kwenda tena, kalipa nzima inateleza na kuivuta pedi ya nje ije kubana upande wa pili. Ni sawa na kubana kitu kwa kidole gumba na shahada, ila gumba ndilo linaloanza. Kuteleza huko kunafanyika juu ya pini mbili za chuma zilizopakwa grisi na kuvikwa vimpira vya kuzuia maji na vumbi. Ukiachia breki, kalipa inarudi nyuma kidogo sana juu ya pini hizo, na pedi zinaacha kuibana diski.

Hapo kwenye pini ndipo Pwani inapotuumiza. Upepo wa bahari unabeba chumvi, na chumvi ina tabia ya kuvuta unyevu, kwa hiyo chuma cha gari linalolala karibu na maji hakikauki sawasawa hata usiku usio na mvua. Kimpira cha pini kikichanika kidogo tu, unyevu wa chumvi unaingia, grisi inakauka, pini inashika kutu na kuanza kugoma. Kalipa ikigoma kuteleza, pedi ya nje haifanyi kazi yake. Kazi yote inabebwa na pedi ya ndani, nayo haiachii vizuri hata ukiinua mguu; inaendelea kugusa diski kilomita baada ya kilomita. Nimefungua magari ya hapa mjini nikakuta pedi ya nje inaonekana mpya na ya ndani imebaki karatasi. Mwenye gari huwa ameshaambiwa mara mbili tatu kwamba pedi ni nzima, na aliyemwambia hakusema uongo. Alisema alichokiona, nacho ni pedi ya nje.

Ndiyo maana "pedi bado nene" kwa kuchungulia kwenye rimu haitoshi. Pedi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi ukiacha bati la mgongo wake. Ikifika milimita 3 ni wakati wa kuitoa. Magari mengi yamewekewa kiulimi cha chuma kwenye pedi, mara nyingi ile ya ndani, kilichopindwa ili pedi ikiisha kiguse diski na kupiga kelele kabla mambo hayajaharibika. Kiulimi hicho kikigusa kidogo kinatetemeka na kulia. Ukikanyaga breki kinabanwa, mtetemo unakufa, na wewe unasikia kimya. Pedi iliyolegea au inayogusa diski kwa sababu ya pini kugoma nayo hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo kule kunyamaza kunakokupa matumaini si dalili kwamba breki ni nzima. Kwa gari lako naona ni onyo.

Kuna ngazi moja mbele ya hapo, na uijue. Sauti ikigeuka ikawa inazidi ukikanyaga breki, mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma ambao hata mguu unausikia kwenye pedali, maana yake pedi imekwisha kabisa na bati la mgongo ndilo linaloisaga diski. Hapo usijiambie utafika tu sokoni na kurudi. Gari lisimame hapo lilipo, fundi aje.

Tuiangalie hoja ya beringi kwa haki yake, kwa sababu beringi hufa kweli, na barabara ya Marafa ina mashimo ya kuiua. Beringi ni gololi za chuma zilizofungiwa ndani ya kikombe pamoja na grisi yake, na kazi yake ni kubeba uzito wa gari huku gurudumu likizunguka. Ikichakaa, inavuma. Mvumo unapanda kadiri mwendo unavyopanda, unausikia zaidi kwenye lami ukiwa kilomita 60 au 80 kwa saa kuliko ukitambaa kando ya ukuta. Na kona inaubadilisha: ukikata kulia, uzito wa gari unaegemea magurudumu ya kushoto, beringi mbovu ya kushoto inapaza sauti; ukikata kushoto inapunguza. Kugusa breki kwa kawaida hakuibadilishi. Sasa linganisha na ulichoniandikia. Hakuna hata moja linalofanana. Siwezi kuapa kwamba beringi yako ni nzima bila kuishika, lakini sioni sababu ya kununua hata moja kabla gurudumu halijatolewa, na kununua mbili kwa kelele ya upande mmoja sikubali kabisa. Beringi, tofauti na pedi, hubadilishwa iliyokufa tu.

Fundi wa pili naye ana chembe ya ukweli. Nyuma ya diski kuna bati jembamba la kukinga vumbi na matope. Ukipita kwenye changarawe, kijiwe kidogo kinaweza kurukia katikati ya bati hilo na diski kikakwama. Kelele yake ni kubwa mno kwa ukubwa wake. Watu hudhani gari linavunjika. Lakini kijiwe huanza ghafla, palepale njiani au ukianza tu kuondoka, hakisubiri siku kadhaa baada ya safari. Tena hakijali breki: ukanyage usikanyage, kinalia. Dawa yake ya kwanza ni kurudi nyuma polepole mita chache pahali peupe, kisha kwenda mbele. Mara nyingi hudondoka. Kikigoma, unatoa gurudumu na kulisogeza bati kwa bisibisi. Wakati mwingine bati lenyewe limepinda kwa kugongwa na jiwe, au kwetu huku limeliwa na kutu mpaka linaning'inia, na likirudishwa nafasi yake kelele inakwisha bila kununua kitu. Mchanga mwepesi, ule mwekundu wa Marafa uliomkaa akilini fundi wako, hutoka wenyewe kwa kuendesha, na kwa wiki mbili ungeshatoka.

Kuna na ile kelele ya asubuhi, ambayo najua wakazi wa karibu na bahari wameizoea. Gari likilala nje, diski inapata kutu nyepesi ya rangi ya machungwa, na mizunguko ya kwanza inakwaruza. Ukishika breki mara nne tano imeshafutika. Hiyo usiihangaikie. Ya kwako ipo mchana kutwa, haimo humu.

Unaweza kuangalia mwenyewe kabla ya kumwita mtu, kama una jeki, spana ya tairi na tochi. Tafuta pahali tambarare na pagumu. Kama uwanja wako ni mchanga, weka kipande cha ubao mnene chini ya jeki, la sivyo itazama na gari litakuangukia. Vuta hendibreki na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma yote mawili. Legeza nati kidogo gari likiwa bado chini, ndipo uinue. Usiingize mwili wala mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa sekunde. Gari lako ni la otomatiki, kwa hiyo baada ya kuhakikisha mawe yamekaza, weka gia kwenye N, maana ikiwa kwenye P gurudumu la mbele halitazunguka kwa uhuru.

Lizungushe kwa mkono. Mguso mwepesi wa pedi ni kawaida, lakini gurudumu zima lazima lizunguke bila kulazimishwa. Likiwa zito kushoto na jepesi kulia, umeshapata nusu ya jibu. Kisha shika springi ya shoki kwa mkono mmoja huku mwingine unazungusha tairi: beringi mbovu inapeleka mkwaruzo wake mpaka kwenye springi, utausikia vidoleni kama punje zinazosagika. Ikiwa springi imetulia, endelea. Shika tairi juu na chini, ulitikise kwa kulivuta na kulisukuma. Likicheza na kugonga, hapo tena beringi au boli jointi, kile kiungo kinachoshikilia gurudumu kwa chini, ziangaliwe. Mwisho toa gurudumu, geuza usukani mpaka mgongo wa kalipa uonekane, umulike pedi ya ndani. Ilinganishe na ya nje. Pitisha ukucha juu ya diski pande zote mbili, ikiwa imepoa. Mikwaruzo myembamba ni ya kawaida, ila ukucha ukikwama kwenye mfereji, diski imeanza kuliwa. Vumbi jeusi utakaloliona usilipulize kwa mdomo; lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kuanzia hapo nakuomba umwachie fundi, isipokuwa una mkono wa kazi hizi. Lakini mwachie ukiwa umesimama naye, na umwombe mambo haya kwa jina. Afungue kalipa na kuifunga kwa waya kwenye springi, isining'inie kwa bomba lake la mpira, maana bomba likikatika ndani huwezi kuliona. Azivute pini zote mbili. Pini nzima inateleza kwa kidole. Ikihitaji nyundo, umempata mwizi wa pedi yako. Zisafishwe mpaka zing'ae, na ikiwa kutu imechimba zinunuliwe nyingine pamoja na vimpira vyake. Grisi iwe ile ya breki, inayostahimili joto na isiyoharibu mpira. Grisi ya kawaida ya kopo, ambayo kila gareji inayo, huvimbisha vimpira na baada ya miezi michache pini zinagoma upya. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo kazi nyingi zinapoharibikia: pedi mpya zinatiwa juu ya pini zilezile zilizoganda, kelele inanyamaza, mteja anashukuru, kisha pedi ya ndani inaisha tena kabla ya wakati na lawama zinaenda kwa muuza spea.

Pedi hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja hata kama za kulia zinaonekana nzuri, ili gari lishike sawa pande zote. Kuhusu diski, kila moja ina unene wa chini uliopigwa chapa juu yake na kiwanda. Fundi aipime. Ikiwa bado iko juu ya kipimo na imekwaruzwa tu, inaweza kuchongwa kwenye mashine ya lezi. Ikiwa imeshuka chini yake, usikubali kuichonga wala kuirudisha, kwa sababu diski nyembamba hupata joto haraka na inaweza kupasuka. Na kama pistoni yenyewe imeshika kutu ndani ya silinda yake, una njia mbili: kuitengeneza kwa mipira mipya, au kutafuta kalipa nyingine. Mimi kwa gari linaloishi ufukweni, pistoni ikishachimbwa na kutu, napendelea kalipa nyingine. Kutia mpira mpya juu ya pistoni yenye mashimo ni kuahirisha tu. Kalipa iliyotumika inafaa, mradi fundi aijaribu pistoni na pini zake kabla hujalipa.

Angalia pia kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti. Pedi zikilika, mafuta hushuka kidogo kidogo kwa sababu pistoni inasogea mbele. Usikimbilie kujaza kabla pedi hazijaangaliwa, kwani pedi mpya zikiwekwa pistoni hurudishwa nyuma na mafuta ya ziada humwagika juu ya rangi ya gari na kuibambua. Lakini yakiwa yameshuka chini ya mstari wa MIN na pedi bado nene, kuna pahali panavuja, na hapo gari haliendeshwi.

Kazi ikikwisha, kabla gari halijasogea hata hatua moja, pedali ya breki ikanyagwe mara kadhaa mpaka iwe ngumu. Pistoni imerudishwa nyuma, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unashuka mpaka chini bila kushika chochote, na gari lililoingizwa gia kabla ya hapo litaishia ukutani. Siku za mwanzo shika breki kwa upole, punguza mwendo mapema, pedi zipate kukaa na diski. Mnuso mwepesi wa kuungua siku ya kwanza si ajabu.

Sasa safari. Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kutoka kwako, na ukishavuka daraja la Sabaki na kuiacha Gongoni, gareji zinakuwa chache mpaka Garsen, kisha tena mpaka Witu. Mama na watoto usiwapakie kwenye gari hili lilivyo leo. Lipeleke lifunguliwe wiki hii, si siku mbili kabla ya kuondoka, ili ubaki na muda wa kulisikiliza mjini, na ikibidi diski au kalipa iagizwe Mombasa pawe na nafasi. Kwa sasa, ukilazimika kulitumia, iwe ni karibu na polepole. Kisha ukishuka, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Ya kushoto ikiwa inafukuta joto kuliko ya kulia, pini au pistoni imegoma na usiliendeshe tena. Usilimwagie maji likiwa na moto, diski inaweza kupinda. Vivyo hivyo ukiona moshi, ukisikia harufu kali ya kuungua, taa nyekundu ya breki ikiwaka ukiwa umeshusha hendibreki, pedali ikizama, au gari likivuta upande ukishika breki: simama pembeni, piga simu, usijaribu kufika.

Kwa yule wa beringi huna haja ya kugombana. Mwambie, "Fundi, toa gurudumu tuione pedi ya ndani kwanza, na pini uzivute mbele yangu." Akikubali, mpe kazi, huenda ni fundi mzuri aliyekuwa na haraka. Akikataa, mpelekee mwingine. Na kwa kuwa magurudumu yote mawili ya mbele yatakuwa yamefunguliwa, nati zake zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu hulegea kidogo zikishakaa. Kilomita hizo uzimalize hapa Malindi kabla ya safari, kisha mkisimama Garsen kunywa chai, zipitie tena kwa spana.